Kabla hujanunua pafyumu ya gari, jiulize kama itavuja

Jamani dashibodi yangu imeniuma sana, ndo maana naandika. Shemeji yangu alibeba vibua kutoka soko la samaki la Feri kwenye Toyota Ist yangu, mfuko ukatoboka, maji ya samaki yakaingia kwenye kapeti la nyuma, kesho yake gari shombo mpaka watoto wanagoma kupanda. Nikakimbilia kile kichupa cha mafuta cha kubandika kwenye matundu ya AC, 8,000 pale mataa ya Mwenge, kijana ananiambia dada hii orijino ya Dubai. Siku ya tatu nimepaki juani Kariakoo, narudi saa tisa kichupa kimevuja, mafuta yamechuruzika mpaka kwenye redio na plastiki imelainika, ukiifuta inatoka na rangi. Na shombo iko palepale, sasa imechanganyika na waridi.

Kwa hiyo mimi hivi vitu vya kuondoa harufu garini sikupangii kwa harufu tamu wala bei wala inakaa siku ngapi, hayo kila muuzaji atakuimbia. Mimi naangalia kitu kimoja tu, kikipigwa jua la saa saba gari limefungwa, kitamwaga nini na wapi? Maana dashibodi kwenye jua kali inaweza kupita nyuzi 60, na yale mafuta ya manukato yanakula plastiki na rangi.

Namba moja kwangu ni filta ya AC ya Denso, ile ya mkaa, na hapa sibishani na mtu. Watu kibao hawajui hata kama gari lao lina filta ya AC. Kwenye Toyota nyingi ndogo iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, unashusha droo, unavuta, kazi imeisha, huhitaji fundi. Hewa yote ya AC inapita pale, kwa hiyo vumbi, unyevu na harufu vinakaa pale, halafu kila ukiwasha AC gari linakurudishia uvundo uleule wakati umeshaosha viti mara tatu. Yangu niliitoa nyeusi tii, ina majani makavu ndani. Denso ni Wajapani wa Kariya, walikuwa sehemu ya Toyota mpaka wakajitenga mwaka 1949, wanalijua gari langu kuliko mimi. Mkaa wake unainasa harufu yenyewe badala ya kuifunika, na haina hata tone la kuvuja. Ukiweka angalia mshale wa upepo, usigeuze.

Namba mbili Febreze ya vitambaa, ile chupa ya kubonyeza. Ina kitu kinaitwa saiklodekstrini, kinatokana na wanga, kinaifungia harufu ndani isipae. Ni ya viti vya kitambaa, sio ngozi, na chupa ukimaliza rudi nayo nyumbani.

Namba tatu siki nyeupe, changanya nusu kwa nusu na maji. Ni kama limau tunavyokata shombo jikoni, asidi inaiua. Magadi ya kuokea wanayosifia wote yanafaa maziwa yaliyochacha, kwa samaki hayana maajabu. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, na usichanganye siki na jiki hata siku moja, inatoa gesi ya klorini ndani ya gari. Lakini ng'oa kapeti kwanza uoshe na sponji ya chini yake, ukaushe milango wazi, la sivyo hata hiyo Denso utaionea bure.

Pafyumu za kopo la gesi la kupuliza sitaki hata kuzisikia, kopo lenyewe limeandikwa lisizidi nyuzi 50 halafu mtu analiacha juu ya dashibodi! Mashine ya ozoni nayo, ile inayotoa gesi ya kuua harufu, kama wanakupigia hakikisha hakuna mtu ndani na gari lipigwe upepo vizuri kabla hujapanda, ozoni inaumiza mapafu. Nilipoosha gari juzi walinitoza 40,000 ya kusafisha ndani kote, kumbe wamenipulizia pafyumu tu, kapeti halijaguswa, bado bichi.

Na wauza spea wa Gerezani mnanikera. Filta ya kwanza nilinunua 35,000, boksi la Denso kabisa, nafika nyumbani nafungua nakuta karatasi nyeupe tupu, hakuna mkaa wowote. Nimerudi naambiwa "mama, mzigo ndo umekuja hivyo." Umekujaje hivyo wakati bei umenichaji ya mkaa? Hela sikurudishiwa. Ya pili nilienda duka lingine, nikasema silipi mpaka boksi lifunguliwe niione ile rangi ya kijivu. Wawili walikataa kufungua nikawaachia maboksi yao, wa tatu akafungua, ikawa kijivu kweli, nikamlipa palepale bila kuomba apunguze.