Mistborn au The Wheel of Time: mfululizo upi wa riwaya uuwekee lengo la kusoma la mwaka?

Anayeanza fantasia ndefu mpe Mistborn ya Brandon Sanderson. Vitabu vitatu vya mwanzo (2006–2008) vinakamilisha kisa chao; kwa kurasa 25 kila siku unavimaliza kwa takriban miezi mitatu. Uchawi wake una kanuni: mhusika humeza vipande vya metali na kuvichoma mwilini. Chuma humpa nguvu ya kuvuta metali, bati humnolea hisi, na akiba ikiisha, uwezo umekwisha. Ndiyo maana kila pambano lina mashaka ya kweli.

The Wheel of Time ya Robert Jordan ni vitabu 14, vilivyotoka 1990 hadi 2013. Jordan alifariki 2007, Sanderson akaandika vitatu vya mwisho. Kwa upana wa ulimwengu, Mistborn haioni ndani. Lakini wengi hukwama kati ya kitabu cha 7 na cha 10, mwendo unapopungua na majina kuzidi. Usiruke, tumia faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu, na lengo lako lihesabu kurasa, si vitabu.