Kisanduku cha vioo vya ursini: nilichokiona na nisichokiona

Nafundisha biolojia Kadutu, hapa Bukavu. Kisanduku hiki cha vioo 12 vya hadubini kilinigharimu dola 45. Kilifikia Kamembe, upande wa Rwanda, nikavuka nacho mto Ruzizi mkononi kama mtu aliyebeba mayai. Na kweli ni mayai: ya ursini, yule kiumbe wa baharini mwenye miiba kama nungunungu. Swali la kwanza darasani: "Prof, hawa wako Ziwa Kivu?" Hawapo, wao ni wa maji ya chumvi tu.

Kioo cha seli 16, yaani yai lililokwisha kugawanyika mara nne, peke yake kinastahili nusu ya bei. Migawanyo mitatu ya mwanzo hutoa seli 8 zinazolingana. Wa nne ndio unaoharibu usawa. Juu zinatokea 8 za wastani, chini 4 kubwa na 4 ndogo mno, na uzao wa hizo ndogo ndio utakaojenga mifupa ya buu. Mbona ndogo? Kwa sababu zile nyuzi za tubulini (aina ya protini) zinazovuta kromosomu zimesogea hadi karibu na ncha ya chini, na seli hukatika kufuata zilipo nyuzi. Wanafunzi walizihesabu wenyewe, wakibishana. Mimi nilinyamaza.

Kwa kioo cha seli 2 nilileta gunia la makaa, nikavuta kamba ya mdomo: hivyo ndivyo pete ya aktini na mayosini, protini mbili zinazovutana, inavyoibana seli katikati.

Sasa lawama. Kwenye kifuniko wameandika kwamba utaona kiunzi cha seli, yaani nyuzi kama hizo za aktini na tubulini zinazoipa seli umbo. Huoni! Rangi yao ni ile ya kawaida. Ili aktini ionekane unahitaji kitu kama faloidini, sumu ya uyoga iliyotiwa rangi ya kung'aa, pamoja na hadubini ya mwanga maalumu. Sisi tunatumia ile ya kioo kinachoakisi jua, maana umeme hukatika saa ya somo. Kwenye kioo kimoja niliona kivuli kama nyota kando ya kiini. Huenda ni tubulini, sitaapa.

Tena kioo chenye lebo ya gastrula (kiinitete kilichoanza kujikunja kuelekea ndani) kina blastula ndani (hatua ya kabla yake, mpira wa seli wenye uwazi katikati), kwa hiyo ninazo blastula mbili. Muuzaji alijibu baada ya majuma mawili, akaahidi kunipunguzia dola 5 nikinunua tena.

Nyota tatu. Mwenzangu wa shule ya jirani ameomba kuazima: nimempa vyote, isipokuwa kile cha seli 16.