Darasa la jioni la Kiingereza kwa Wachina, Mwanjelwa: somo la "take"

Hili ndilo somo lao bora. Mwalimu anaanzia kwenye Kichina chenyewe: dawa "huliwa", chī yào, na gari la abiria "hukaliwa", zuò chē. Kiingereza hutumia "take" kwa yote mawili, ndiyo maana mwanafunzi husema "eat medicine" akiwa dukani kununua dawa. (Sisi huku tunakunywa hata vidonge!) Mifano ya daladala za Mbeya inaingia haraka kichwani.

Pengo kubwa ni "bring". Kichina kina dài (kuchukua kitu ukiwa nacho), kisha lái huonyesha kuja na qù kwenda. Wangefunga dài lái na "bring", dài qù na "take", mkanganyiko ungepungua sana. "Took" na "taken" pia zidaiwe kila kipindi, kwani kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo.