Kodi ya thamani ya ardhi: chombo kizuri kinachodai matunzo

Nikiipima kodi ya thamani ya ardhi, yaani ile inayotozwa kwa thamani ya kiwanja chenyewe bila kuhesabu jengo lililo juu yake, kama mtu anavyokikagua chombo kabla ya kukinunua, naiona kuwa miongoni mwa vyanzo bora kabisa vya mapato ambavyo halmashauri inaweza kuvisimamia yenyewe, ila haimfai asiye tayari kuihudumia.

Uzuri wake huonekana kwenye viwanja viwili vinavyopakana, vya ukubwa mmoja, vinavyotazama barabara moja, kimoja kikiwa na jengo la ghorofa tatu na cha pili kikiwa na magugu ndani ya ukuta. Kodi ya majengo humtoza aliyejenga na kumwacha anayesubiri bei ipande. Kodi ya thamani ya ardhi huwatoza wote wawili sawasawa, kwa kuwa thamani ya mahali haikuletwa na mwenye kiwanja, bali na barabara, mabomba ya maji na majirani. Isitoshe, ardhi haihamishiki wala haifichiki, na mkusanya kodi yeyote anajua raha ya jambo hilo.

Taabu iko kwenye uthamini, yaani kazi ya kukadiria bei ya kila kiwanja. Nchini Estonia, ambako kodi ya ardhi ilianza mwaka 1993 na mapato yake huenda kwa serikali za mitaa, baada ya uthamini wa mwaka 2001 haukufanyika mwingine wa nchi nzima hadi mwaka 2022, kwa hiyo kwa miongo miwili watu walitozwa kwa bei ambazo soko lilikuwa limekwisha kuzisahau. Mji wa Pittsburgh, Marekani, ulitoza ardhi kwa kiwango cha juu kuliko majengo tangu sheria ya mwaka 1913. Uthamini mpya ulipopandisha ankara za wengi kwa mkupuo, wakazi walikasirika, na mwaka 2001 utaratibu huo ukaachwa. Walioponzwa na daftari la uthamini waliishia kuilaumu kodi.

Kuna pia mzee mstaafu ambaye kiwanja chake kimepanda bei huku mfuko wake ukibaki vilevile. Kwake ningependelea deni liahirishwe mpaka kiwanja kiuzwe au kirithiwe, kuliko msamaha wa jumla ambao tajiri naye huupokea bila haya.

Naipendekeza kwa halmashauri yenye ramani kamili ya viwanja na fungu la kuwalipa wathamini kila baada ya miaka michache. Isiyo navyo ianze na ramani.