Sanduku la vifaa la fundi wa baiskeli za mashindano: linunuliwe lipi?

Kabla ya kutazama sanduku lolote, tandika kitambaa sakafuni, panga juu yake kila kifaa unachokwenda nacho mashindanoni, kisha vipime vyote kwenye mizani. Tiketi nyingi za ndege za daraja la kawaida huruhusu kilo 23 kwa mzigo mmoja, na sanduku gumu lenye magurudumu hula kilo 4 hadi 7 likiwa tupu. Asiyepiga hesabu hiyo mapema atajikuta kwenye kaunta anahamishia nyundo na spana ya pedeli kwenye begi la nguo huku foleni ikimtazama.

Pima na urefu. Vifaa vinavyoleta shida ni vile vyenye mpini mrefu: spana ya pedeli, kifaa cha kunyooshea sikio linaloshika gia ya nyuma, na kile chenye kipande cha cheni cha kuzuia kaseti, yaani rundo la gia za gurudumu la nyuma, isizunguke. Usijaribiwe kununua vifupi ili vienee sandukuni. Ringi ya kaseti hukazwa kwa takriban Nm 40 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kuifungua kwa mpini wa kitoto ni njia ya uhakika ya kuchubua vidole.

1. Sanduku gumu lisiloingiza maji, lenye magurudumu na vibao

Kwa anayesafiri na timu, hili ndilo la kwanza, na la pili liko mbali nyuma yake. Mfano unaojulikana ni Pelican 1510, lenye vipimo vya nje vya takriban sentimita 56 kwa 35 kwa 23 na nafasi ya ndani yenye urefu wa sentimita 50 hivi. Pelican Air 1535 lina umbo karibu lile lile lakini ni jepesi kwa takriban kilo moja na nusu. Ukiwa unapanda ndege kila baada ya wiki mbili, chukua jepesi. Ukiwa unasafiri kwa gari la timu tu, zito halina ubaya, na unaweza kulikalia.

Ndani, fundi wengi huweka vibao vya plastiki vyenye mifuko na mikanda ya mpira, vinavyotoka kimoja kimoja. Kibao cha juu kibebe kinachoguswa kila saa: aleni (funguo za pembe sita) za mm 2 hadi 8, Torx T25 (yenye ncha ya nyota), mkasi wa kebo, kifaa cha kukatia cheni na spana ya toki, ile inayolia "tik" ikifika nguvu uliyoipangia. Cha chini kibebe vifaa vya beringi za krenki, funguo za spoki na kifaa cha kuchomoa nyaya za gia za umeme. Kibao kining'inizwe kwenye stendi au kilazwe mezani, na pengo lionekane kwa jicho moja. Kifaa kilichosahaulika nyuma ya gari la timu hakirudi.

Wanaopenda sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kifaa wana hoja yao, ila wachague sponji ngumu ya EVA isiyonyonya mafuta. Ile laini hunywa grisi na kumomonyoka, na vipande vyake huishia kwenye beringi za mtu. Tumia tabaka mbili za rangi tofauti, ya chini iwe ya kung'aa, ili nafasi tupu ijitangaze. Kata kina ambacho theluthi moja ya kifaa inabaki juu, na uache tundu la kidole la kama mm 25 pembeni. Ubaya wa sponji ni kwamba ukibadilisha kifaa kimoja unakata upya.

Sasa tatizo ambalo wauzaji hawalisemi. Sanduku lisiloingiza maji pia halitoi maji. Ukimaliza kazi kwenye mvua, ukafuta vifaa juu juu na kukaza vitasa, unyevu uliobaki unakaa humo usiku kucha na vifaa. Asubuhi utaona madoa ya rangi ya chai kwenye ncha za aleni, na ncha ikishaliwa na kutu haikai sawasawa kwenye skrubu, inaharibu kichwa chake. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, acha kifuniko wazi usiku, weka vipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe vikijaa.

2. Mkoba wa kukunja unaoning'inia

Wa kitambaa kigumu, unafunguka kama kitabu na kutundikwa kwenye stendi. Ni mwepesi na unabanika popote. Lakini haukingi kitu: begi zito likiwekwa juu yake, spana ya toki ndiyo itakayoumia. Mikanda yake ya mpira hulegea, na zipu ndiyo hufa kwanza, kwa hiyo tafuta zipu nene yenye meno makubwa.

Kazi yake halisi ni kuwa mkoba wa pili, ule wa gari linalofuata waendeshaji. Humo weka aleni za mm 4, 5, 6 na 8, T25, aleni ya mm 2 au bisibisi ya kurekebishia mipaka ya gia, kikatia cheni, viungo viwili vya kuunganishia cheni vya idadi sahihi ya gia, mkasi na tepu. Ukizidisha hapo, utapekua wakati mwendeshaji anapoteza sekunde.

3. Masanduku ya kupandana

Kwa timu inayotembea na gari lake, ni mazuri sana: dawa za kusafishia chini, vipuri katikati, vifaa juu. Kwa ndege hayafai, kwa sababu kila moja huhesabiwa mzigo wake na vibanio vya pembeni huvunjika.

4. Seti inayouzwa na vifaa vyake ndani

Park Tool na Unior, watengenezaji wa vifaa vya baiskeli, huuza seti za namna hii, na ubora upo. Shida ni kwamba unalipia vifaa vya viwango usivyovihudumia. Hesabu utakavyovitumia, visipofika theluthi mbili, nunua kimoja kimoja. Anayeanza bila kitu, hata hivyo, anaweza kuipandisha hadi nafasi ya pili.

5. Sanduku la chuma la trei zinazopanuka

Liache gereji. Likiinama kidogo tu, vya trei ya juu vinamwagikia chini na funguo za spoki zinapotea kati ya nyundo na patasi.

Dukani, kagua bawaba kwanza: pini ya chuma inayopita urefu wote inashinda plastiki iliyokunjwa. Magurudumu yawe yamefungwa kwa skrubu, yasiwe ya kugongwa ribiti, ili yabadilishwe yakilika. Vitasa viwe vinavyouzwa kama vipuri, na pawe na matundu mawili ya kufuli. Kwa safari za Marekani tumia kufuli zinazokubaliwa na TSA, idara ya usalama wa usafiri ya huko, la sivyo zinaweza kukatwa kwenye ukaguzi.

Betri za akiba za lithiamu hazipakiwi kwenye mzigo wa chini; beba mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa. Dawa za kusafishia zinazoshika moto zinunuliwe ufikapo.

Ukishapakia kila kitu, rudisha spana ya toki kwenye kiwango chake cha chini kabisa ili springi isichoke, funga vitasa, kisha lisimamishe sanduku kwa ubavu na ulitikise. Kinachogonga ndani bado hakijapata mahali pake.