Kitambaa gani kwa nguo za kila siku: kutoka kinachokupumzisha hadi kinachokupika

Mwaka jana nilinunua shati la kazi duka moja hapo mjini Kampala, muuzaji ananiapia ni pamba tupu, nikalipa, kufika Wandegeya ndani ya teksi kwenye jam ya saa nane shati limenigandia mgongoni kama kaveera, mfuko wa plastiki. Jioni nikachomoa uzi pindoni nikaupiga kiberiti, ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Polista hiyo. Pamba ikiungua inanuka karatasi na majivu yake unayasaga na vidole. Tangu hapo sinunui kwa mdomo wa mtu.

Namba moja kwangu ni pamba, na tunailima wenyewe huko Kasese na kaskazini. Inanyonya jasho, inapitisha hewa, unaifua mara mia. Ubaya wake inajikunja, tena inarudi ikifuliwa, kwa hiyo ukinunua yadi zako Kiyembe, mtaa wa vitambaa Kampala, usimkimbizie fundi siku hiyohiyo, loweka kwanza, anika, piga pasi ndo akate, la sivyo gauni la goti litapanda bila ruhusa yako. Kitenge nacho kigeuze: cha wax rangi imeingia pande zote mbili, kikiwa kimepauka nyuma kimechapwa upande mmoja tu, si lazima kiwe kibaya ila usilipie bei ya wax.

Namba mbili mchanganyiko wa pamba na polista. Msimu wa mvua unakauka haraka na pasi haikusumbui, sare nyingi za watoto ndo hizo. Angalia lebo, pamba iwe ndo nyingi. Kwenye mivumba, yaani mitumba, pale soko la Owino lebo mara nyingi bado ipo, chungulia mshono wa ubavuni.

Tatu rayoni, wengine wanaita viskosi. Inatoka kwenye mti, laini, inaanguka vizuri mwilini, dira za nyumbani zake tamu sana. Ikilowa ndo inakuwa dhaifu, usiikamue kama unakamua mopu.

Kitani nakiweka nne kwa sababu ya bei tu, maana kwa ubaridi kingeshinda hata pamba, mtu wa Arua kwenye joto ananielewa. Kinajikunja vibaya mno lakini ukikikuta kwenye rundo la mivumba kamata kabla mwenzio hajakiona.

Mwisho polista tupu. Jezi ya mpira yenye vitundu sawa, koti la kupandia boda sawa, ila shati la kushinda nalo mchana kutwa hapana. Wa Kabale kwenye baridi mtanicheka, nyie na sweta zenu za sufu endeleeni.

Dukani hutaruhusiwa kuwasha kiberiti, kwa hiyo chovya kidole kwenye maji udondoshe tone kwenye kona: pamba mara nyingi italinywa, polista tone linakaa juu linakutazama. Muuzaji akifoka mwambie webale nyabo, yaani asante mama, sogea kibanda cha pili.