Spea rahisi za Massey kuukuu Malindi: zipi zinafaa na zipi zitakurudisha gereji

Spea za trekta za Massey Ferguson 135, 165, 240 na 290 hazijaadimika Malindi. Ulizia pampu ya maji na muuzaji atakuwekea tatu juu ya kaunta: moja ya boksi la kampuni, moja ya Uturuki au Italia, na moja imefungwa nailoni, haina hata jina. Hapa tunazungumzia hizo mbili za mwisho, maana ndizo zinazolingana na mfuko wa mkulima wa Magarini, Langobaya au Mpeketoni. Tumezipima kwa swali moja: ikifa, fundi atahitaji muda gani kuifikia tena? Spea inayotoka kwa bolti chache na nusu saa, nunua ya rahisi. Spea ambayo lazima trekta likatwe katikati, injini kwake na gia boksi kwake, ongeza pesa, hata ikibidi kusubiri mavuno.

Za Pakistan zisidharauliwe. Massey 240 limetengenezwa Lahore na kampuni ya Millat kwa miongo kadhaa, likiwa na Perkins AD3.152 ya silinda tatu, injini ile ile iliyo ndani ya 135 nyingi. India nako TAFE ya Chennai imeunda Massey kwa leseni. Kwa hiyo pistoni au gasketi ya kutoka huko si lazima iwe ya kuigiza. Mara nyingi imetoka kwenye nchi ambayo trekta lenyewe bado linauzwa jipya. Tatizo ni ile isiyosema imetoka wapi.

Tuanze na pampu ya maji, kwa sababu pwani ndiyo inayokufa sana. Visima vingi huku vina maji ya chumvi, na watu huyatia hayo hayo kwenye radieta. Chumvi hula shafti ya pampu pale sili inapokaa, kisha maji yanaanza kudondoka kwenye kitundu kidogo chini ya nyumba ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi. Kuna mafundi wanaokiziba kwa gundi, na maji yakikosa pa kutokea huingia kwenye beringi. Wiki chache baadaye feni inacheza na kukata radieta. Pampu ya rahisi inafaa hapa, ila ikague ukiwa bado dukani. Izungushe kwa mkono: isikwaruze, isikwame. Shika shafti uisukume juu na chini: isicheze hata kidogo. Weka rula juu ya uso unaokaa kwenye bloki uone kama mwanga unapita, maana nyingine hutoka kiwandani zimepinda. Kisha ilaze juu ya ile kuukuu na ulinganishe matundu ya bolti. Uliza pia kama inakuja na puli. Isipokuja, ile ya zamani italazimika kung'olewa na kupachikwa kwa mashine ya presi. Ikigongwa kwa nyundo, beringi mpya imeshaumia kabla injini haijawashwa. Ukishafunga, tia maji ya mvua na dawa ya kuzuia kutu. Na themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, irudishwe mahali pake. Kuitoa eti Malindi kuna joto ni kuifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi, itumie dizeli nyingi na kuchafua oili.

Klachi ni habari nyingine kabisa, na ndiko pesa nyingi zinakopotelea. 135 na 240 nyingi zina diski mbili ndani ya kava moja: kubwa ya mwendo, ndogo ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Kuna seti ya inchi 11 na 9, na kuna ya inchi 12 na 10, na mwenye duka hawezi kujua yako ni ipi kwa kusikia tu jina la trekta. Pima diski kuukuu na uhesabu meno ya tundu la katikati kabla hujatuma oda. Seti rahisi zisizo na jina zina kasoro mbili zinazojirudia. Kwanza, vidole vya kava havijasawazishwa. Kimoja kiko juu kuliko vingine, basi beringi ya klachi inakikandamiza hicho peke yake, na gia zinalia kila ukiingiza. Vidole hivyo lazima vipimwe kwa geji baada ya kava kufungwa kwenye flaiwili, hata ukinunua seti ya bei ghali. Pili, bitana za diski zinabanduka kwenye riveti trekta likivuta plau kwenye udongo mzito wa bondeni Sabaki.

Sasa hesabu: kulikata trekta ni kazi ya siku nzima au mbili, watu wawili watatu, jeki na magogo. Ukinunua seti ya nailoni ikafa baada ya msimu mmoja, umelipa kazi hiyo mara mbili. Nunua yenye jina. Na kwa kuwa umeshafungua, badilisha pia sili ya nyuma ya krenki, ile ya kamba yenye nusu mbili, pamoja na sili ya shafti ya gia boksi na kile kiberingi kidogo cha ndani ya flaiwili. Vyote ni vya bei ndogo, lakini sili mojawapo ikivuja, oili itailowesha diski mpya na klachi itaanza kuteleza. Jambo moja la hatari: kava la klachi mbili lisifunguliwe bila kulibana kwanza kwa bolti tatu ndefu. Springi zake zina nguvu ya kuvunja taya.

Kwenye filta ya dizeli kipimo chetu cha muda kinavunjika. Inabadilishwa kwa dakika 10, lakini ya rahisi kabisa usiiguse. Nyingi za trekta hizi hutumia ile ya aina ya 296, ya bakuli la chini na mipira yake. Karatasi ya filta mbovu hulainika na kupasuka, uchafu na maji vinapita moja kwa moja hadi pampu kubwa ya dizeli, ile ya CAV inayolisha nozeli, ambayo rota yake imekaa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Maji kidogo tu yakiingia, rota inakwama. Filta nzuri na mipira yote mipya, halafu utoe hewa kwa mpangilio: skrubu ya juu ya filta huku ukipiga mkono wa pampu ndogo ya kuvutia dizeli, kisha skrubu ya ubavuni mwa pampu kubwa, kisha ya juu yake, mwisho unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli huku stata ikizungusha. Nozeli zenyewe za rahisi zinakubalika, mradi zipimwe kwenye mashine kabla ya kufungwa. Angalia tu washa ya shaba ya zamani isibaki tunduni. Zikiwa mbili, nozeli inakaa juu na moshi hauishi.

Jeki ya nyuma, ile mikono ya haidroli inayoinua plau, ikigoma, wengi hukimbilia kununua pampu ya haidroli nzima. Subiri. Kama mikono inainua vizuri lakini plau linashuka lenyewe injini ikizimwa, shuku ringi ya pistoni ya kuinulia, mpira wa bomba linalopandisha oili, au sili za valvu. Hiyo ni seti ya mipira, basi. Kama inainua asubuhi na kushindwa mchana oili ikipata moto, hapo pampu imechakaa au chujio limeziba. Tazama rangi ya oili pia. Ikiwa kama tui la nazi, maji yameingia, na masika huingilia kwenye mpira uliopasuka wa mkono wa gia. Mpira huo ni wa bei ya chai na maandazi, lakini oili inayoharibika ni ya gia boksi na haidroli kwa pamoja. Ikibidi pampu yenyewe, hesabu meno ya shafti yake: kuna za 10 na za 21, na haziingiliani.

Beringi na oilsili usizinunue kwa jina la trekta. Safisha ile kuukuu, soma namba iliyochongwa usoni, uipeleke duka la beringi. Kitu kile kile mara nyingi huwa rahisi zaidi kuliko kwenye duka la trekta. Oilsili inahitaji vipimo vitatu: ndani, nje na unene. Kumbuka nyingi ni za inchi. Muuzaji akikupa ya milimita "inayokaribiana", mrudishie.

Vyuma vizito, kama ekseli ya mbele, habu, rimu na mikono ya jeki, afadhali vya mtumba kuliko vipya visivyo na jina. Ila ukiambiwa vimetoka kwenye trekta lililokuwa likifanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni au Kurawa, gonga kwa nyundo usikilize, na ujaribu kila uzi wa bolti. Krenki ya mtumba isinunuliwe bila maikromita. Bila kipimo hujui utahitaji beringi za standadi, au za krenki iliyochongwa kwa elfu 10, 20 au 30 za inchi.

Oda mbovu nyingi huanzia kwenye simu: "Nataka gasketi ya 165." Kuna 165 zenye Perkins 4.203 na nyingine 4.212. 290 ina 4.248, ambayo silinda yake ni pana kuliko ya 4.236, na pistoni zake hazibadilishani. Trekta nyingi pia zimeshabadilishwa injini njiani. Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa bloki: ikianza na 152UA au CE ni ya silinda tatu, ikianza na LD ni 4.236. Tuma picha ya namba hiyo, ya kibati cha dashibodi, na ya spea kuukuu ikiwa kando ya rula. Namba ya Massey inayoishia M1 kwa kawaida ni kipande kimoja. M91 ni kitu kilichounganishwa.

Wenye Ford 5000 wana shida ya peke yao: bloki haina laini (bomba la chuma linalobadilishwa ambamo pistoni hutembea), na maji mabaya huitoboa ukuta wa silinda. Kabla ya kununua pistoni, bloki ipelekwe Mombasa ipimwe, kwani huenda itahitaji kupanuliwa na kutiwa laini.

Madukani Malindi mjini utapata filta, mikanda, oilsili, gasketi na pampu za maji siku hiyo hiyo. Klachi na vitu vya ndani ya injini kwa kawaida huagizwa Mombasa au Nairobi na kuja kwa basi. Agiza Januari au Februari; Machi kila mtu anatafuta kitu kile kile kabla ya masika. Patana kabla ya kulipa: isipoingia, nani atalipa nauli ya kurudisha? Na hedi gasketi iombe ifungwe kati ya mbao mbili. Ikikunjwa kwenye buti ya basi, ule mkunjo ndio utakaopitisha maji silindani, hata ukikaza bolti vipi na kuweka nafasi ya valvu sawasawa kwa 0.30 mm injini ikiwa baridi.